Kufuli la Mwalimu Qiao

Mwalimu Qiao alinifundisha fizikia, kisha akamfundisha binti yangu, kwa kufuli lilelile alilolining'iniza kwenye uzi, akalivuta pembeni na kuliachia lirudi. Shule yetu ya milimani, mkoani Guizhou, haikuwa na kifaa kingine.

Siku mwanaanga alipofundisha shule zote kwa televisheni kutoka angani, watoto na wazazi tulisimama kuiamkia televisheni, kama tunavyomwamkia mwalimu yeyote. Mwanaanga akavuta pembeni kigololi kilichofungwa uzi, akakiachia. Kikabaki palepale.

"Mwalimu, si ulisema lazima kirudi?" binti yangu akapayuka, akimgeukia Mwalimu Qiao. "Ulitudanganya!"

Nusura nimzabe kibao. Mzee akalivuta kufuli lake pembeni, akaliachia, likarudi.

"Sikuwadanganya, mwanangu," akasema. "Nilidhani nafundisha peke yangu, kumbe miaka yote Dunia ndiyo iliyokuwa ikinisaidia kulivuta kufuli lirudi."