Kijaluba cha Kadi

Mamaangu ndiye aliyeninunulia kijaluba cha kadi. Wiki niliyofungua ofisi yangu ya uhandisi wa viyoyozi, alikuja kwangu Azaiba, hapa Maskati, na kiboksi cha mahameli. Ndani yake mlikuwa na kijaluba cha fedha, chembamba, kinaenea kiganjani, kimenakshiwa maua pembeni. Mimi nilikuwa nikizitia kadi zangu za kazi kwenye mkoba pamoja na funguo, na jambo hilo lilikuwa likimkera.

"Mtu mzima hatoi kadi yenye vumbi la biskuti," alisema. "Nnataka ukiingia pahala wajue kaingia nani."

Nilimwambia siku hizi watu wanaipiga picha kadi kwa simu kisha wanaiacha mezani. Hakunisikiliza.

Mara ya kwanza kukitumia ilikuwa Rusayl, mtaa wa viwanda, kwenye kiwanda cha kufungasha tende kilichotaka kujengewa vyumba vya baridi. Nilikwenda na mchoraji wangu wa ramani, mwanamume mpole mwenye mvi, niliyemwajiri mwenyewe. Mwenye kiwanda, mzee wa makamo ya babaangu, alitupokea mlangoni. Alimpa mkono mchoraji, akampa kadi yake, akamkaribisha kiti cha karibu naye. Mimi nikabaki nimesimama, kijaluba mkononi, kibanio hakifunguki.

Nilikibinya kwa kidole gumba. Nikakichokoa kwa ukucha, ukucha ukakatika. Nyumbani kilifunguka bila taabu. Hatimaye kifuniko kiliruka, kadi zikamwagika kwenye zulia, nami nikachutama na abaya langu jipya kuziokota. Huku juu mazungumzo yameshaanza: ukubwa wa ghala, joto la kiangazi, umeme. Yote anaulizwa mchoraji.

"Mhandisi ni yeye," mchoraji alisema kwa Kiarabu. "Mimi nachora anayoniambia."

Mzee akaipokea kadi yangu. Hakuisoma. Alinitazama usoni, akahamia Kiswahili.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Jina langu limo humo kwenye kadi, ami."

"Nnaliona. Nnakuuliza wa nani."

Nikamtaja babaangu. Uso wake ukafunguka. Kumbe walisoma pamoja Unguja, wakakaa dawati moja. Akamrehemu, akauliza hali ya mamaangu, akaagiza kahawa na halwa. Nilikuwa nimekesha na hesabu za vyumba vile, na faili lake lilikuwa mapajani kwangu. Halikufunguliwa.

"Kazi chukua," alisema tulipoinuka. "Mtoto wa yule hawezi kutudhulumu."

Ndani ya gari mchoraji alisema, "Alhamdulillahi, tumepata." Nikaitikia, kwani kweli tumepata, na ofisi ilikuwa inaihitaji kazi ile. Lakini nilikuwa na hamu ya kurudi nimsomee mzee hesabu zangu, ukurasa kwa ukurasa, apende asipende.

Mamaangu alipopata habari alifurahi sana. "Si nlikwambia? Kitu cha fedha kina heshima yake."

Kazi ikaanza, na mzee hakunipigia simu hata mara moja. Aliulizia mpaka akapata nambari ya mamaangu, ndiyo akawa anapiga hiyo. Siku moja nilikuwa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nakagua nyumba ya mteja mwengine, mama akanipigia.

"Anasema milango ya vyumba iwe mipana zaidi, ile gari ya kubebea makasha ipite."

"Mipana kiasi gani?"

"Hakusema. Kasema wewe utajua."

"Mama, mwambie anipigie mimi."

"Ntamwambiaje mtu mzima kama yule? Aibu. Nambie mimi, mimi ntamwambia."

Nikasimama juani, nikaitandaza ramani juu ya boneti ya gari, nikamtajia kipimo. Akakirudia, akakikosea. Nikamtajia tena, polepole, huku mteja wangu akinisubiri kivulini.