Fizi za Twaha

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule mtaani Walukuba, mtoto wangu wa kwanza, Twaha, alipokuwa ameharisha hadi kilio chake kikawa chembamba kama cha paka mchanga. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mwili ulimchemka, na kila nikimnyonyesha alitapika. Mimi nilikuwa bado mgeni katika ndoa na katika umama.

Jirani yangu Mama Zubeda, muuza chapati, aliingia akampapasa Twaha fizi kwa kidole.

"Ona! Zimevimba, tena nyeupe. Haya ni meno ya uongo. Yakibaki yanaua. Kule Wanyange kuna mzee anayatoa, mara moja tu."

"Anayatoa na nini?"

"Na spoki ya baiskeli. Usiogope, bwana! Wangu wote walitolewa."

Hakuwa na nia mbaya. Alitupenda, na yeye ndiye aliyekimbia kuita boda. Nilikuwa nimeshamfunga Twaha mgongoni mama mkwe wangu alipofika kutoka Mbale, na furushi la malewa kichwani, yale machipukizi ya mianzi ambayo mume wangu aliyapenda.

"Mnampeleka wapi?" aliuliza. Nikamweleza. Akaketi juu ya jerikeni, furushi mapajani.

"Mume wako akicheka, kwa nini anaziba mdomo?"

"Ana mapengo, Mama. Anasema alianguka utotoni."

"Ni mimi niliyemwambia hivyo. Hakuanguka. Alitolewa hayo meno yenu ya uongo, kumbe zilikuwa mbegu za chonge zake. Hazikuota tena. Na yeye ana bahati. Dada yake aliyemfuata naye alitolewa, kidonda kikaoza, akashindwa kunyonya. Nilimzika."

Nje boda akapiga honi. Mama Zubeda akasema kwa sauti ya chini, "Lakini wangu walipona, Mama."

"Walipona kuhara, binti yangu. Si spoki iliyowaponya. Waite wacheke, nione."

Mama Zubeda hakuita mtu; aliyajua mapengo ya wanawe. Alimfungua Twaha kinywa tena, akazitazama zile fizi kwa muda mrefu, kisha akatoka na kumwambia boda, "Kijana, si Wanyange tena. Twende kituo cha afya. Na mimi nakuja kwa miguu."

Pale muuguzi alimpima Twaha malaria, hakuwa nayo. Akatupa vidonge vya zinki na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, akatuonyesha kuzichanganya na maji safi na kumnywesha kijiko kwa kijiko. Akitapika, tulingoja kidogo, tukaanza upya taratibu. Mama mkwe alimpakata, mimi nikashika kikombe, Mama Zubeda akafukuza nzi. Jioni Twaha alilikojolea gomesi la bibi yake, lile gauni lake refu la Idi. Bibi akapiga vigelegele! Mkojo ulimaanisha maji yamerudi mwilini.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu maneno ya meno ya uongo bado yananong'onwa mitaani, hata na watu wenye simu kubwa mkononi. Ule uvimbe mweupe ni meno halisi yanayojiandaa, na kila mtoto anao. Usikubali chuma kiguse fizi hizo. Mtoto akiharisha, mzidishie ziwa, wala usimnyime kinywaji ukidhani unakausha tumbo. Mpe ORS mapema, na vidonge vya zinki uvimalize hata akionekana amepona. Joto likipanda, mpeleke apimwe, usikisie. Na ukiona macho yamezama, au damu kwenye choo, au hawezi kunywa, au analegea na haamki vizuri, usingoje kesho wala ushauri wa jirani: kimbia hospitali. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumlisha. Ni mambo madogo, utayaweza. Na jirani akija na ushauri kama ule, usimfukuze. Mchukue mwende naye kituo cha afya.

Twaha sasa ana duka kule Nalufenya. Ukipita barabarani ukasikia mtu anacheka mpaka wapita njia wanageuka, ni yeye, na mkono wake haugusi mdomo.

Mungu akulindie wanao, mwanangu. Awajalie vinywa vilivyojaa meno, na nyumba yenye mengi ya kuwachekesha. Amina.