Maziwa ya Taji la Miiba

Wiki iliyopita gesi iliniishia chakula kikiwa hakijaiva, nikatoa jiko la makaa lililokuwa limelala kibarazani tangu mwaka jana. Nilipomaliza kupika nikamwagia jivu maji. Harufu iliyopanda ilinikalisha kwenye kigoda, mwiko ungali mkononi. Jivu lililolowa hunuka kama chumba chetu cha Dagoretti Corner, na kuna jambo la chumba kile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nitawaambia ninyi, kwa kuwa hamnijui.

Tulikuwa watatu mle ndani: Mama, mimi Nekesa niliyekuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Nafula aliyekuwa na minne. Baba alikuwa fundi wa mawe. Kazi ilimpeleka Naivasha, na nyumbani alirudi alipokumbuka kwamba anako. Mama alifua nguo katika nyumba moja kubwa huko Spring Valley, na huko ndiko alikopata ua lake. Mtunza bustani alikuwa akipunguza kichaka cha taji la miiba, ule mmea wenye shina nene, miiba mirefu na maua madogo mekundu yasiyojua likizo. Alitaka kutupa matawi. Mama akayaomba, akayafunga kwa gazeti, akaja nayo yakimchoma mapajani njia nzima.

Sijaona mtu aliyependa kitu hivyo. Mama, ambaye sisi wanawe alitusalimia kwa kutukagua kucha, alisimama mbele ya ua hilo kila asubuhi akaliuliza limeamkaje. Alipotaka kulizidisha alikata tawi la urefu wa kiganja kwa kisu kikali. Penye jeraha hutoka utomvu mweupe, sisi tukiuita maziwa. Alilichovya jeraha majini mpaka maziwa yakatike, akalipaka jivu la jiko, kisha akaliweka tawi juu ya kabati likauke wiki nzima. Nilimuuliza kwa nini asilipande mara moja, akasema kidonda kibichi hakizikwi. Baada ya hapo alilisimamisha katika mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini, wenye mchanga wa mjengo na udongo kidogo, na maji alilipa kwa kijiko mpaka litoe jani jipya. Mikebe ilifika sita pale mlangoni. Majirani walipita wakisema kwa Mama Nekesa ni Spring Valley ndogo.

Sheria zilikuwa mbili. Mama asipokuwepo, ua halikatwi. Na aliyelikata hunawa kwa sabuni hadi viwikoni kabla ya kugusa kitu kingine, kwa maana maziwa yale ni sumu ya macho. Alilisema hilo mara nyingi mno, hata mimi na Nafula tukawa tunamwigiza, mikono kiunoni.

Basi mwalimu wetu wa darasa la tatu akatuagiza kila mmoja alete mmea siku ya Jumatatu, wa kupanga dirishani. Nilikwisha kujigamba kwamba kwetu kuna ua ambalo hata matajiri wanalo. Mama alikubali kunipa, ila akasema nisubiri, tawi likauke kwanza, nitalipeleka wiki inayofuata. Mkono mtupu haulambwi, nami sikuwa tayari kuingia darasani hivyo huku wenzangu wakijitapa kwa vitunguu vilivyochipua.

Jumamosi Mama aliitwa kazini. Aliniachia sufuria ya uji na Nafula. Alipopotelea tu kwenye kona nikachukua kisu. Tawi nililolichagua lilikuwa nene kuliko kidole gumba changu, na maziwa yalitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nikajipangusa kwa kitambaa kilichoning'inia mlangoni. Tawi nikalitia ndani ya gambuti kuukuu ya Baba, kiatu chake kirefu cha mpira, chini ya kitanda. Mtungi wa maji ulikuwa umejaa na mzito kuinamisha, nikaona nitanawa baadaye. Hapo ndipo Nafula alipokuja, uso mzima uji. Nilimshika kisogo, nikachukua kitambaa kile kile, nikampangusa kwa nguvu, jinsi Mama alivyotupangusa sisi.

Hakulia papo hapo. Alipepesa macho, akasema, "Nekesa, inachoma." Kisha akaanza kulia, na kilio kile sikuwa nimekisikia kwake, hata siku aliyoanguka kwenye mtaro.

Nilimmwagia maji kidogo kwa kikombe. Jirani yetu Mama Akinyi akaja mbio, mtoto mchanga mkononi. Huko kwetu magharibi, na kwao ziwani, jicho lililoingiwa na kitu hutiwa maziwa ya mama anayenyonyesha, na wengi tumekua hivyo bila madhara. Mama Akinyi akamlaza Nafula mapajani, akajikamua, tone jicho hili, tone jicho lile. Nafula akatulia, akalala akishikwa na kwikwi. Sote tukaona dawa imefanya kazi.

Mama aliporudi alasiri alipiga magoti kando ya kitanda kabla hata ya kuvua viatu.

"Nekesa, ni nini ilimwingia?"

"Alishika hiyo maua, akajipanguza macho."

"Alivunja?"

"Hapana. Alishika tu."

Mtaniuliza kwa nini. Niliogopa kiboko, basi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote. Lakini kwa maneno yale mawili, alishika tu, Mama alipima hatari akaiona ndogo. Jani lililoguswa huacha tone moja, na tone moja Mama Akinyi alikwisha kulimaliza. Kwa hiyo hatukwenda hospitali. Jumapili nzima Nafula alitiwa maziwa asubuhi, mchana na jioni. Jicho la kushoto likafunguka. La kulia lilivimba, likatoa maji, akawa anageukia ukutani kukwepa mwanga wa mlangoni.

Jioni ile Mama alifagia chini ya kitanda. Nilikuwa nje nikiosha vyombo. Nilisikia ufagio ukisimama, na haukuendelea tena. Alipotoka hakuniangalia. Alfajiri ya Jumatatu alimfunga Nafula mgongoni kwa leso, mtoto mkubwa yule, miguu ikining'inia, akaniambia nivae viatu twende sote.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye haraka. Alimulika jicho kwa tochi, akauliza limeingiwaje.

"Ni mimi, daktari," Mama akasema. "Nilikuwa nakata hiyo maua, nikampanguza na mkono chafu."

Daktari akamuuliza alingoja nini siku mbili. Akamgombeza mlango ukiwa wazi, foleni nzima ikisikia, kwamba angekuja siku ile ile jicho lingeoshwa likapona. Mama alisimama ameinamisha kichwa. Mimi nilitazama sakafu, na sitawaficha: nilifurahi. Nilidhani Mama amechanganyikiwa, amesahau kwamba Jumamosi alikuwa kazini. Tuliporudi nikaingiza mkono kwenye gambuti. Tawi halikuwemo. Nikasema moyoni ni panya.

Jicho la kulia la Nafula lilibaki na ukungu mweupe na halikuona tena. Mikebe yote sita Mama aliigawa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, ningali naitembea. Nafula alikua akijua kwamba mamake ndiye aliyemtia upofu, maana Mama mwenyewe alimwambia hivyo kila alipouliza. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, shuleni walipokuwa wamemchosha kwa majina ya kumdhihaki, alimwambia, "Si ungenawa tu mikono." Mama akajibu, "Ndiyo." Nilikuwa palepale nikikata sukuma wiki, na sikuacha kukata. Tulipompeleka Mama kuzikwa Bungoma, Nafula alikaa nyuma ya hema na hakuja kumtazama mara ya mwisho.

Nilikuwa na watoto wangu wawili ndipo nilipoelewa. Siku moja mkubwa alimsukuma mdogo akaumia, nikajikuta nahesabu nitakachopoteza nikisema kweli na nitakachopoteza nikinyamaza. Panya hawali taji la miiba. Mama alilishika lile tawi, akaona limekatwa karibuni, halina jivu, na akajua yote, pamoja na kile uongo wangu ulichogharimu. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kuumia. Alichagua Nafula amchukie yeye kuliko anichukie mimi, ili atakapoondoka tubaki na mtu, kila mmoja na mwenzake. Na kweli tumebaki.

Nafula huja kwangu kila Jumapili. Hukaa upande wangu wa kulia, anione vizuri kwa jicho lililobaki. Jumapili iliyopita, nikimpakulia, alinishika mkono akasema, "Wewe ndio ulinilea, Nekesa. Kwangu mama ni wewe, si yule." Nilimwambia ale, chakula kinapoa.