Mbuzi Kupimwa kwa Kadi ya Ng'ombe

Sikwenda Likasi kutembea. Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu Odette, mjamzito wa miezi sita, alikuwa na homa inayokwenda na kurudi. Nilipomuuliza kwa simu anakula nini, akanijibu kwa furaha kwamba kila asubuhi mama mkwe wake anamnywesha kikombe kizima cha maziwa ya mbuzi.

"Haiko mbichi, yaya," akasema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Iko pasteurisé, walishaipika. Chupa iko na étiquette."

Kazi yangu ni kupima maziwa katika maabara ndogo hapa Lubumbashi, na nimeona étiquette, yaani lebo, nyingi kuliko mbuzi. Maziwa ya mbuzi yasiyopikwa sawasawa yanaweza kubeba ugonjwa unaoleta homa ya namna hiyo, na ugonjwa huo huharibu mimba. Niliogopa. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la asubuhi.

Njiani, Kapolowe, tulisimama ili watu wanunue mboga na samaki. Pembeni, kijana wa pikipiki alikuwa anafunga mabidoni ya maziwa, jua limeyapiga mpaka yametoa jasho. Nikamuuliza yanakwenda wapi.

"Likasi, soko ya Kikula, kwa Directeur."

"Na hili jua?"

"Haina shida, mama. Ikifika kwa Directeur, inapona."

Huyo Directeur, basi, alikuwa anaponya maziwa kama wahubiri wanavyoponya vilema viwanjani. Nilirudi kwenye kiti changu nimekasirika kabla hata sijamwona.

Likasi, nilishukia mtaa wa Shituru, ambako mume wa Odette anafanya kazi ya zamu kiwandani. Hewa ya huko hukwaruza koo, lakini si hewa iliyomkondesha mdogo wangu hivyo. Macho yalikuwa yamezama, khanga imelowa jasho. Mama mkwe wake, Mama Régine, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alinipokea vizuri na kuniletea kikombe cha maziwa. Nikakiweka chini.

"Weye unakatala maziwa ya nyumba yangu?"

"Mama, nisamehe. Tuyachemshe kwanza."

"Kuchemsha? Sasa pasteurisé iko na kazi gani? Directeur anapima mbele ya bantu bote, minye mwenyewe naona na macho yangu!"

"Basi twende, mama. Na mimi nione."

Kikula tulifika soko limechangamka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: sauti ya Directeur tuliisikia kabla ya kuliona duka lake. Alikuwa amevaa koti jeupe la daktari na kalamu tatu mfukoni, ingawa sikumwona akiandika neno. Mama Régine akaninong'oneza kwa heshima kwamba zamani alikuwa anauza viatu. Wateja walikuwa wamejipanga, na kipimo kilifanywa kama ibada. Alimimina maziwa kidogo kwenye kichupa, akadondosha dawa, akangoja, kisha akainua kichupa juu ya vichwa vya watu.

"Iko namna gani?"

"Bonne!" wakaitikia wote, yaani ni mazuri, na Mama Régine akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Dawa ile naijua. Katika maziwa mabichi kuna kitu ambacho hufa kwa joto lilelile linaloua vijidudu. Kikiwa bado hai, dawa hugeuza maziwa yakawa manjano; kikifa, yanabaki meupe. Lakini wanyama hawakuumbwa sawa. Kondoo ana kitu hicho kwa wingi, ng'ombe anacho cha kutosha, mbuzi anacho kidogo sana. Na kadi ya rangi za kulinganishia majibu, iliyobandikwa ukutani kwa Directeur, ilikuwa na picha ya ng'ombe, kubwa, na pembe zake zote mbili.

"Directeur," nikasema, "pima na haya yaliyofika sasa hivi na pikipiki. Hayajaona moto."

Akacheka, akanihurumia mbele ya wateja wake. "Mama anataka kujifunza. Haina mubaya." Akadondosha dawa. Tukangoja. Maziwa mabichi ya mbuzi yakapata rangi hafifu ya manjano, ambayo hata mtu mwenye macho mazuri angeitilia shaka, mbali kabisa na manjano ya hatari kwenye kadi ya ng'ombe ukutani; kwa kadi ile, hata mabichi yalikuwa yamepikwa.

"Bonne!" akaitikia mzee mmoja nyuma, kwa mazoea.

Hakuna aliyemfuata. Nilikwenda uani nyuma ya duka, nikatia kidole ndani ya sufuria ya maziwa iliyokuwa jikoni, nikakiacha humo bila kuungua. Nikamuuliza Directeur kama huko ndiko kupika.

"Mwanzo tulikuwa tunapika sana," akasema, na bado alikuwa anajivuna. "Kipimo ikasema bonne, tukapunguza makala ya moto. Ikasema tena bonne, tukapunguza tena. Iko technique, mama!"

Nimekutana na wajinga wengi, lakini ujinga unaopiga hatua hivyo sikuwahi kuuona. Nilimwambia anunue kipimajoto, apike mpaka joto lifike na likae, na atafute kipimo kinachomjua mbuzi. Alinitazama kama anayesubiri nimalize ili auze.

Tulimpeleka Odette hospitalini, wakamtoa damu. Majibu yalikuwa yale niliyoyaogopa. Daktari akampa dawa zinazomfaa mjamzito, akatuwekea sauti ya moyo wa mtoto tuisikie, na moyo ulikuwa unakwenda. Mama Régine alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono magotini.

"Njo minye nilikuwa namunywesha," akasema. "Na mukono yangu."

Dharau yote niliyokuwa nimemtunzia ilinitoka. Nilimshika bega, tukakaa.

Nilirudi homa ilipotulia. Njiani nilijiambia nimejifunza jambo moja: mtu anayetegemea kipimo asichokielewa ni hatari kuliko asiyepima kabisa, maana huyu wa pili angalau watu huchemsha maziwa yake. Tulikuwa tumefika tena Kapolowe simu ilipolia. Alikuwa Odette, anacheka mpaka anakohoa. Mtoto anapiga mateke, akasema, na mama mkwe amechukua kiti, amekwenda kukaa mlangoni kwa Directeur, anamwambia kila mteja: "Muchemshe! Muchemshe mpaka ipande!"

"Na Directeur?"

"Alitoka na chupa mupya, yaya. Anasema ametengeneza ile problème yako. Ameandika *lait de vache*, maziwa ya ng'ombe, kusudi ipatane na kadi."

"Mama Régine akasemaje?"

"Akamwambia: sawa, Directeur. Leta ile ng'ombe hapa inje, tuione."