Siku Niliposhindwa Kumtaja Mwanangu Mbele ya Sista

Chekeni, najua mtacheka tu. Mimi niliyefika kidato cha nne, ninayewasomea majirani barua zao, nilisimama mbele ya watu nikashindwa kusema mtoto niliyemzaa anaitwa nani. Hata leo nikikumbuka hasira zinanipanda, na sijui nianze kumkasirikia nani.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na huku kwetu upande wa Ushirombo darasa la saba zima liliweza kumaliza shule na kurudi kulima pamba, asiende sekondari hata mmoja. Binti yangu akafaulu mtihani wa shule ya wasichana ya masista, kule Kahama. Yalibaki mahojiano na wazazi. Baba yake hakukubali wala hakukataa, kila siku "tutaona, tutaona", mpaka nikatamani kumrushia mwiko. Mwenye maneno alikuwa mama mkwe.

"Mnakwenda kumfanya mtawa huyo! Nani atatuletea ng'ombe? Nani atazaa?"

Nikajiona mjanja. Nikasema huyu bibi tumchukue, aingie mpaka ndani, aone vitanda na vitabu kwa macho yake, atalainika. (Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.) Tukapanda lori la pamba wote wanne. Tulipofika, mume wangu akasema yeye atabaki nje kulinda mzigo. Mzigo gani? Kikapu cha viazi!

Sasa elewa jambo moja. Kwetu mkwe hatajwi jina. Mkamwana akilitamka, tena mkwe mwenyewe akisikia, ni sawa na kumvua nguo hadharani. Na binti yangu alipewa jina la bibi yake, lile lile. Tangu azaliwe mimi namwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na kijiji kizima kinaniita Mama Mayu, hakuna aliyewahi kuniuliza zaidi. Ubatizo alikuwa bado, kwa hiyo jina lingine hakuwa nalo.

Tukaingia. Wazazi wengine wamejaa kwenye mabenchi wanasubiri zamu. Sista mkuu, mtu wa Kilimanjaro, akaniuliza kisomo changu, nami nikajitapa kwa sauti ili mabenchi yasikie. Akatabasamu. Kisha akasema, "Haya mama, mtaje binti yako."

"Ni huyu hapa, Sista."

"Namwona. Jina lake?"

Jasho likanitoka. Nikasema, "Ni binti Masanja."

"Hilo la baba. Nataka lake yeye."

Mtoto akafungua mdomo, Sista akamnyamazisha kwa kidole. "Wewe tulia. Kuna watu walishatuletea mtoto wa jirani mwenye akili aje kumfanyia mtihani mtoto wao. Mzazi ndiye atakayesema."

Nikaomba kalamu niandike, akakataa. Nikaomba nitoke nimwite baba yake. Kila nilivyojipinda ndivyo uso wa Sista ulivyozidi kukunjamana, na nyuma yangu nikasikia mwanamke mmoja, Msukuma mwenzangu kabisa, anayejua fika kilichonikaba, anacheka ndani ya khanga yake. Mama mkwe ametulia tuli, macho kwenye dari, kama mtu anayesubiri mvua. Alijua! Angeweza kulitaja mwenyewe, jina ni lake.

"Mama wa kidato cha nne," Sista akasema, "hujui jina la mwanao? Basi. Aingie mzazi mwingine."

Nikamwona Mayu anainama, machozi yanadondokea miguu yake mitupu.

"Nyamizi!" Nilipiga kelele mpaka njiwa wakaruka juu ya bati. "Anaitwa Nyamizi! Nyamizi wangu, nimemzaa mimi!"

Mabenchi yakasema "Yoooh!" kwa pamoja. Mzee mmoja akavaa kofia yake akatoka nje. Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

Sista akamgeukia bibi, hana habari ya moto aliouwasha. "Shikamoo bibi. Ni kweli? Na wewe unakubali asome hapa?"

Mama mkwe akainuka taratibu, akajifunga khanga upya kiunoni.

"Marahaba. Ni kweli, ni mjukuu wangu. Huyu mama yake kama amethubutu kunitamka mbele za watu, hata nikikataa atamleta usiku. Mchukueni. Mimi na yeye tutamalizana nyumbani."

Tulimalizana kweli. Msimu mzima hakula chakula changu, na wanawake kisimani walinipisha kama mwenye ndui. Mayu alikwenda shule. Tangu hapo nimeapa: mtoto mwingine nikimzaa nitampa jina mwenyewe, la kuita kutoka ng'ambo ya shamba bila kugeuka kutazama nani yuko nyuma yangu, na atakayekuja kunishauri vinginevyo atatoka kwangu anakimbia.