Kashata za Mwenye Kasri

Harufu ya nazi na hiliki ilikuwa imejaa mpaka kwenye korido ya ghorofa letu la South Beach, katika nchi ya Wazulu tuliyohamia. Mama alikuwa anapika kashata, na mimi nilikuwa nimenuna, maana nilijua zinakwenda wapi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nina miaka kumi na mmoja, na kwaya ya shule yetu kule Sydenham ilikuwa imealikwa kuimba Vienna, Ulaya, kisha itembezwe kwenye makasri na majumba ya makumbusho. Mama, mzaliwa wa Tanga, katika maelezo yote hayo alisikia neno moja tu: nyumba. "Nyumba ya watu haiingiwi mikono mitupu," akaniambia huku akipanga kashata kwenye kopo la biskuti. "Mpe mwenyewe mkononi, mwambie mama anakusalimu. Ukirudi uniambie kasemaje." Nilimwambia wafalme hawali kashata. Akaniuliza nimejuaje.

Sijawahi kuona dhahabu nyingi kama niliyoiona kwenye makasri ya Vienna: darini, milangoni, hata kwenye miguu ya viti. Wenzangu walikodoa macho, mimi nikawa natazama kila mlango kama mwenyeji atatokea. "Eish, hilo kopo utalibeba mpaka lini?" mwalimu wetu akaniuliza, na kwaya nzima ikacheka. Siku tatu zikapita, kopo liko kwapani. Nikaanza kutunga uongo wa kumpelekea Mama, nami sikuwa nimewahi kumdanganya. Niliona aibu, na niliogopa.

Kasri la mwisho, kwenye chumba cha kulala cha malkia, mlinzi alikuwa mama mmoja mzee aliyekaa kwenye kiti cha mbao. Nikabaki nyuma ya wenzangu, nikamwuliza kwa Kiingereza mwenye nyumba yuko wapi. "Walishakufa," akasema. "Hata mimi, na uzee huu, sikuwakuta." Nikamwuliza sasa anakaa nani humu. Akafikiri kidogo. "Labda mimi. Nakaa humu kila siku, asubuhi mpaka jioni." Nikampa kopo kwa mikono miwili, nikamfikishia salamu. Akasimama, akafungua, akanusa, uso ukamkunjuka. "Mwambie mama yako nimekaa humu miaka mingi, na wewe ndiye wa kwanza kuja kama mgeni."

Niliporudi nyumbani na Mama akasikia hayo, aligeuka akautazama mlango wetu. Tulikuwa tumekaa ghorofa lile miaka miwili bila kusalimiana na jirani hata mmoja. Tulijifungia ndani tukisema wenyeji hawatutaki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini Mama alikuwa anasubiri mwenyeji aanze. Kesho yake akakuna nazi nyingine, akavuka korido na sahani, akagonga mlango wa mama wa Kizulu aliyekaa mkabala nasi. Nilisimama nyuma yake. Mlango ukafunguliwa.

Siku hizi mtoto anayaona makasri ya Ulaya kwenye simu hata kabla hajaanza shule. Mimi mwenyewe nimerudi huko mara mbili kwa nauli yangu, na dhahabu yote ile nimeanza kuisahau. Lakini yule mama wa mkabala ndiye aliyekaa kando ya Mama siku ya harusi yangu. Mwanangu anamwita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, na hajui kwamba kuna siku tulikuwa watu baki.