Miche Iliyonyauka ya Nyanya

Juzi pale Ogembo nilimwona mama mmoja akiuza miche ya parachichi iliyonyauka kwa bei ya kutupa, nikamkumbuka nyanya yangu. Yeye alinunua ya aina hiyo tu. Aliipanda nyuma ya jikoni, kando ya migomba, akaimwagilia maji na kuiambia, "Amka, mama, jua limetoka." Nayo iliamka.

Kwa hiyo mdogo wangu mchanga alipofariki, wakamzika papo hapo karibu na miche, mimi sikulia. Alasiri ile, watu wakiwa bado wanakunywa chai uani, nilichota maji kwa mkebe nikayamwaga juu ya kaburi. Udongo ulinuka mvua. Kisha ukaanza kunyonya, polepole, kwa sauti, kama mtoto aliye titini.

"Nyanya, njoo usikie! Anaamka!"

Nyanya alikuja, akapiga magoti, akasikiliza.

Nimefanya vibarua katika mashamba mengi tangu siku hiyo, na najua udongo mkavu hunyonya maji hivyo. Nyanya alikuwa amelima maisha yake yote, alilijua hilo kabla yangu. Hata hivyo aliinama zaidi, sikio likagusa udongo, akaninong'oneza, "Ongeza kidogo."